Mkono Bakulini

Nyumbani kwa Fundi Kufuli, siku za Jumatatu na Alhamisi hakukuwa na mtu wa kuamshwa. Mama yake, mwenye miaka sabini na miguu iliyomuuma kila akisimama, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuoga, wa kwanza kuvaa, na wa kwanza kuketi kwenye kiti cha mlangoni na mkoba wake mapajani, utadhani ndiye mgonjwa. Ikigonga saa moja kasorobo, keshaanza.

"Nyie mnajivuta. Mtakuta karatasi nzuri zimekwisha."

"Mama, karatasi haziishi," Fundi angemjibu huku akitafuta soksi. "Kila zikishasomwa zinarudishwa bakulini."

"Wewe unajua kufuli. Mambo ya bahati niachie mimi."

Bakuli lenyewe lilikuwa la plastiki, la kijani, lile la kuoshea mboga ambalo kila nyumba inalo. Lilikaa juu ya meza ya nesi, katika kliniki ya watu waliokuwa wakiacha aisi, au methamfetamini kama nesi alivyoitamka bila kujiuma ulimi. Dawa hii haina kidonge cha kuifuta mwilini, aliwaambia siku ya kwanza. Kuna mazungumzo, kuna ratiba, kuna watu wa kukushika mkono, na kuna bakuli. Mkojo wako ukipimwa ukakutwa safi, unatia mkono unatoa karatasi. Mara ya kwanza karatasi moja. Mara ya pili mbili. Ya tatu, tatu, na kadhalika mpaka kumi. Ukikutwa mchafu hufukuzwi wala hutukanwi, ila unaanza tena kwenye moja.

Nusu ya karatasi ziliandikwa neno moja tu, Hongera. Nyingine zilikuwa na mche wa sabuni, taulo, sufuria, vocha ya simu. Na moja, moja peke yake kati ya mia tano, iliandikwa Zawadi Kubwa. Hiyo ilikuwa feni ya kusimama, nyeupe pe, iliyowekwa ndani ya kabati la kioo ukutani, bado imevaa nailoni yake. Mama aliiona siku ya kwanza na moyo wake haukurudi tena. Yeye ni mtu wa kuona joto hata mvua ikinyesha. Alikwisha ipangia mahali pa kukaa, kati ya kitanda chake na dirisha, na alikwisha waambia majirani watatu wasije wakaja kukaa mbele yake wakamzibia upepo.

Mke wa Fundi alikuwa amekutwa safi mara tisa mfululizo. Mara tisa! Kiwandani, alikokuwa akishona kola za sare, walimpa jina la Umeme kwa kasi ya mikono yake, na hata baada ya kufukuzwa jina lilibaki. Mwaka mzima aisi ilikuwa imemla mpaka akabaki macho na mifupa. Aliuza pasi, akauza redio, akauza viatu vya Fundi vya kwendea harusini, kisha akamsaidia kuvitafuta. Sasa mashavu yalikuwa yamerudi. Alikuwa akila, akilala, akicheka na vipindi vya redio ya jirani. Leo, Jumatatu, ilikuwa mara ya kumi, na angetia mkono bakulini mara kumi.

"Kumi!" Mama alisema, akipiga mapaja. "Nimeota upepo usiku kucha."

Ila Umeme alikuwa hajatoka chumbani.

Fundi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, amechana nywele, ameshika kiatu kimoja. Alikuwa akikitazama kana kwamba anakishona upya kwa macho.

"Twende, mke wangu. Mama atavunja mlango."

"Leo sitakuwa safi, Fundi."

Fundi alicheka kwanza, maana siku hiyo alikuwa amejiandaa kucheka. Kisha alimtazama uso, akaacha.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi haiwezekani. Jumamosi nilikufungia."

Na kweli alimfungia. Hili lazima lielezwe, kwa sababu nyumba ile haikuwa kama nyumba nyingine. Mtu ambaye kazi yake ni kufuli, akiibiwa na mkewe, hatafuti ushauri, anatafuta kufuli. Kabati la nguo lilikuwa na kufuli. Kabati la vyombo, kufuli. Birika lilifungwa mnyororo kwenye mguu wa meza, na mgeni aliyetaka chai alimiminiwa pale pale lilipofungwa. Cherehani ya Umeme ilipitishwa komeo kwenye gurudumu. Funguo za ndani alizibeba Mama, kwenye fundo la pindo la nguo yake, na alioga nazo. Ufunguo wa mlango mkubwa aliubeba Fundi. Siku ambazo yeye yuko kazini na Mama kaenda kwa dada yake, Umeme alifungiwa ndani kwa kufuli ya shaba ya vijino saba, kazi ya mikono ya Fundi mwenyewe, ambayo hakuna mtu mtaani angeifungua bila ufunguo. Fundi aliionea fahari kufuli ile. Alikuwa akiwaonyesha wateja picha yake.

"Amepitia wapi huyo aliyekuletea?"

"Hakupita popote. Alisimama dirishani." Umeme alikiweka kiatu chini. "Yule tuliyekaa naye mashine moja kiwandani. Aliniona nimekaa. Akaniuliza, mbona umefungiwa, umefanya nini? Nilikuwa nimekaa pale tangu saa mbili asubuhi, Fundi. Sina pa kwenda, sina cha kushona, mashine imefungwa. Akanipenyezea aisi kwenye nondo za dirisha. Kama mlango ungekuwa wazi ningetoka, ningekimbilia hata sokoni, hata kwa nesi. Ulinifungia nayo ndani."

Fundi alitaka kukasirika na alikuwa na haki ya kukasirika. Badala yake alijiona amesimama mlangoni Jumamosi ile asubuhi, akizungusha ufunguo mara mbili, akiutikisa mlango kuhakikisha, kisha akienda zake akipiga mluzi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mnanong'ona nini humo?" Mama alikuwa keshafika. Hakuna ukuta uliowahi kumzuia kusikia.

*

Mama aliposikia habari, hakupiga kelele. Hilo peke yake lilitosha kumtia Fundi hofu. Alirudi kwenye kiti chake, akaketi, akafikiri kwa muda wa kumenya vitunguu viwili. Kisha aliinuka, akaenda maliwatoni, akakaa huko, na akarudi na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyofungwa vizuri kwa kitambaa.

"Hii ni safi," alisema. "Mimi hata aspirini sijameza wiki hii."

"Mama!"

"Usiniite Mama kwa sauti hiyo. Mtoto wa watu kateleza siku moja. Siku moja! Atarudishwa kwenye moja kwa ajili ya siku moja? Mara tisa zote ziende na maji?" Alimgeukia mkwewe na sauti ikabadilika, ikawa laini, sauti ambayo Umeme hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi. "Mwanangu, shika. Ibane kwapani isipoe. Ukiingia chooni unamimina kwenye kikombe chao, basi. Nani atajua? Alhamisi tunaendelea na safari yetu."

Ukweli ni kwamba Mama alimpenda. Mwaka mzima alikuwa akimwita mwizi mbele ya watu, tena kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Lakini tangu lianze bakuli, walikuwa wakitoka pamoja, wakirudi pamoja, wakibishana njia nzima kuhusu karatasi ipi ingeshikwa na mkono upi. Mama hakujua njia nyingine ya kumpigania zaidi ya ile chupa. Na feni nayo, tusimwonee, ilikuwamo kidogo.

Umeme alimtazama mumewe. Alikuwa akimpa nafasi ya kusema neno.

Fundi alijua la kusema. Lilikuwa limemjaa kinywani. Lakini aliwakumbuka wateja wote aliowaambia habari za mara tisa, na fundi viatu wa jirani aliyeahidi kuja kusikia matokeo saa sita, na jinsi alivyotembea wiki hizi nne kichwa kikiwa juu. Akainama, akafunga kamba za viatu vyake, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Umeme akaichukua chupa.

*

Chumba cha kusubiri kilikuwa kimechangamka. Habari za mtu wa mara kumi huwa hazilali kliniki. Dereva wa lori, mwanamume wa miraba minne aliyekuwa na miezi saba bila kugusa, na ambaye siku hizi aliwasaidia wageni, alisimama akampigia makofi Umeme alipoingia.

"Kumi leo! Ukiipata feni unanialika nije nipunge upepo."

"Utalipa kiingilio," Mama alimjibu, na watu wakacheka. Fundi alicheka naye, kicheko kikavu, akaketi chini ya kabati la kioo.

Nesi alimpa Umeme kikombe. Umeme akaelekea chooni. Mlango ukafungwa.

Fundi alihesabu vigae vya ukuta. Aliusikiliza mlango ule kwa masikio ya kazi. Kitasa cha bei rahisi, ulimi umelegea, ungefunguka kwa kijiko. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuwafungulia milango watu wa kila aina, wenye hamaki, wenye aibu, waliojifungia nje na chungu kikiungua jikoni. Hakuwahi kuketi nje ya mlango usiofungwa kwa ufunguo akatamani kiasi kile mtu wa ndani afungue mwenyewe. Akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Tulia," Mama alinong'ona. "Unatutia mashaka."

"Mama, tumekosea."

"Nyamaza."

"Tumekosea, Mama! Mimi nimekosea!" Alisema kwa sauti, na chumba kizima kikageuka. Alikuwa amekwisha piga hatua mbili kuelekea chooni, bila kujua angefanya nini akifika, wakati mlango ulipofunguka.

Umeme alikuja moja kwa moja mpaka mezani kwa nesi. Mkono wa kulia alishika kikombe, wa kushoto chupa ya dawa ya kikohozi, imejaa kama ilivyotoka nyumbani. Aliviweka vyote mbele ya bakuli.

"Hii ya chupa ni ya mama mkwe," alisema. "Hiyo ni safi. Hii ya kikombe ni yangu. Nilivuta Jumamosi."

Mama alitazama chini, akatazama juu, akakosa pa kuweka uso, akauweka ndani ya mkoba akijifanya anatafuta leso.

Nesi alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, aliyekwisha kuona mambo. Aliinua chupa ile kwenye mwanga, akaigeuza, akaisukuma taratibu pembeni.

"Bibi," aliita, "umebana kizibo vizuri sana. Asante."

Alianza dereva wa lori. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko chake kikawabeba wengine, mpaka Umeme mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka, mpaka Mama akatoa uso mkobani na kusema, "Basi mnacheka nini, si nimesaidia?" Wakacheka upya.

Nesi hakumpa bakuli. Alilivuta kwake, akalifunika kwa daftari, na mara tisa zote zikawa zimekwenda. Umeme alilitazama linavyofunikwa kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Lakini kabla hajapata muda wa kuinamisha kichwa, nesi alikwisha mshika mkono.

"Kujikwaa kupo kwenye ugonjwa huu, dada. Wengi wanajikwaa kisha hawarudi, wanaona haya. Wewe umerudi na umesema. Hiyo siwezi kuipima kwa kikombe." Akawaita Fundi na Mama wasogee. "Sasa niambieni Jumamosi ilikuwaje. Tangu asubuhi. Kila kitu."

Umeme alisimulia. Alipofika kwenye kufuli, nesi alimtazama Fundi.

"Vijino vingapi?"

"Saba," Fundi alisema kwa unyonge.

"Na dirisha?"

Fundi aliinamia tena kamba za viatu vyake.

Walikaa pale saa nzima. Nesi aliwachorea siku kwenye karatasi: saa ya kula, saa ya kushona, saa ya kutembea, na saa mbaya, ile ya katikati ya asubuhi ambayo hamu humjia Umeme. Hamu ikija, alisema, inapanda, inafika juu, kisha inashuka yenyewe, mara nyingi hata nusu saa haifiki. Kazi ni kuipitisha ile nusu saa ukiwa na mtu. Dereva wa lori akatoa namba yake ya simu bila kuombwa. Mama akataka kujua kama mtu wa kuipitisha hiyo nusu saa anaruhusiwa kuwa na miguu mibovu.

"Anaruhusiwa," nesi alisema. "Lakini chupa abaki nazo nyumbani."

*

Jioni ile jua likiwa bado juu ya paa, Fundi alifungua mfuko wake wa vifaa sebuleni. Alianza na birika. Akaja kwenye kabati la vyombo, kisha la nguo, kisha gurudumu la cherehani, ambalo alilizungusha kwa kidole mpaka likalia wii. Kila kufuli iliyotoka ilianguka sakafuni kwa kishindo, na Mama kila mara aliruka kidogo.

"Akiuza tena?" aliuliza, si kwa ukali.

"Akiuza, atakuwa ameuza. Tutarudi kwa nesi."

Ya mlangoni aliiacha mwisho. Aliishika kiganjani, ile ya shaba, akaipangusa kwa shati. Hakuitoa, maana wezi wapo. Alichofanya ni kukaa kwenye tupa robo saa akichonga, kisha akampa Umeme ufunguo wake mwenyewe, mpya, ukiwa bado na joto la tupa. Umeme aliugeuza geuza. Hakusema asante. Alikwenda mlangoni, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, mpaka jirani akapaza sauti kuuliza kulikoni.

Jumatano saa nne asubuhi, yule wa kiwandani alisimama tena dirishani. Umeme alikuwa kwenye mashine, akipunguza suruali ya mteja wake wa kwanza baada ya mwaka mzima. Mguu uliganda kwenye pedali. Jasho likamtoka, na mate yakamjaa mdomoni.

"Mama!" aliita. "Mama, imekuja! Twende!"

Mama hakuuliza nini. Alivaa ndara mguu wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, akamshika mkwewe kiwiko, na wakatoka kwa mlango wa mbele, wazi kabisa, wakampita yule mwanamke wa dirishani bila salamu. Walitembea. Walipita fundi viatu, wakapita sokoni, wakazunguka shule mara mbili. Mama alilalamika kuhusu goti, kuhusu jua, kuhusu bei ya nyanya, na kila baada ya muda aliuliza, "Imepanda?" Umeme alijibu, "Bado inapanda." Mzunguko wa tatu wa shule Mama aliuliza tena.

Umeme alisimama. Akajisikiliza.

"Inashuka," alisema, akastaajabu. "Mama, inashuka!"

"Basi na mimi nitafutie pa kukaa kabla sijashuka mazima."

*

Alhamisi kliniki ilijaa kuliko Jumatatu. Sijui nani aliwaambia watu. Labda dereva wa lori, labda Mama, ambaye aliapa hakufungua mdomo. Umeme alitoa kikombe. Nesi alichovya kipimo, akakilaza juu ya pamba, na watu wazima kumi na mbili wakasubiri kipande cha karatasi kiamue kana kwamba wanasubiri penalti.

"Safi," nesi alisema.

Fundi alipiga ngumi hewani. Dereva wa lori alimkumbatia mtu asiyemfahamu.

"Mara ngapi?" nesi aliuliza, akifunua bakuli, ingawa alijua.

"Moja," Umeme alisema.

Alikunja mkono wa blauzi. Aliuingiza mpaka chini kabisa, akakoroga, karatasi zikachakarika. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza. Mkono ukatoka na kikaratasi kimoja kilichokunjwa mara mbili. Umeme alimpa Mama akifungue.

Mama aliweka miwani. Alisoma, akageuza upande wa pili, hakukuta kitu, akarudi upande wa kwanza.

"Hongera," alisoma.

"Ndiyo hiyo," nesi alisema kwa upole. "Ni ya hongera tu, bibi. Haina kitu."

Mama alimtazama nesi. Akamtazama mkwewe, aliyekuwa amesimama na mkono wa blauzi umekunjwa, ufunguo umening'inia shingoni, anamsubiri yeye aseme. Kisha Mama akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kikali, cha mtu aliyekuwa amekibana mwaka mzima, na kiliwafanya walinzi wa nje wachungulie.

Nesi alinyoosha kiganja. "Karatasi, bibi. Zinarudi bakulini."

"Hii hairudi." Mama alikuwa keshaifunga kwenye fundo la pindo la nguo yake, pale palipokuwa pakikaa funguo. "Feni yenu kaeni nayo. Andika nyingine."

Nesi alitaka kubisha. Akaghairi, akachukua kalamu, akakata kipande cha karatasi, akaandika neno lile lile, akakitupia bakulini. Mama alikwisha kuwa mlangoni, mkoba mkononi, anawaita.

"Nyie mnajivuta. Jumatatu ni mbili!"